Nyati wa Wyoming, Masikio ya Masii

Sijawahi kufika Wyoming, lakini kama kuna sehemu ya jimbo hilo ambayo sijaipiga msasa, basi bado haijachongwa. Nimesugua dubu wake, milima yake, wachunga ng'ombe wake pamoja na kofia zao, na mara moja nimesugua hata maji yake ya moto. Juzi nimestaafu. Karakana yetu ya vinyago hapa Masii ilinipikia pilau, mwenyekiti wetu Kioko akanisifu kwa hotuba ambayo nina hakika aliwahi kuisoma kwenye mazishi, na ninyi vijana mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nayaandika. Anayetaka sifa za Kioko amuulize Kioko mwenyewe, anazo nyingi.

Siku niliyoingia kazini niliambiwa sheria moja tu: mwanamume anachonga, mwanamke anasugua. Mwanamume akikosea, mwanamke anasugua zaidi. Nilipewa twiga mwenye shingo ya kinu na kipande cha msasa, nikaketi chini ya bati pamoja na wenzangu. Aliyenifundisha kazi si mwanamke bali mchongaji, Mzee Nzioka, ambaye hata wakati huo alikuwa mzee na tezo yake ilikuwa imelika mpini mpaka ikabaki na umbo la kiganja chake. Aliniona nikimkwaruza yule twiga kwa hasira, akaja akanishika mkono. "Mwaitu, hiyo si sufuria imeungua," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. "Osha yeye kama mtoto."

Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo ninyi sasa mnayapuuza. Anza na msasa mkali, kisha laini, na katikati pitisha kitambaa chenye maji ili nyuzi za mti ziinuke, zikikauka uzikate tena. Jakaranda usiuanike juani, utapasuka usiku kucha kama mahindi kikaangoni. Ufukie kwenye maranda uende polepole. Mhugu una harufu nzuri na vumbi baya, kwa hiyo funga pua. Mpingo hamtauona tena, umekwisha, lakini rangi nyeusi ya viatu ipo dukani, na mtalii hajawahi kuuliza kwa nini mpingo wake unanuka kama askari wa gwaride.

Wyoming iliingia maishani mwetu kwa mlango wa mwanamke mmoja anayeitwa Dona. Alikuwa na duka kando ya barabara inayoelekea kwenye ile mbuga yao kubwa ya maji ya moto. Alikuja Kenya kutazama simba, akapita Masii, akaona vinyago vyetu, akafikiri kama mfanyabiashara. Watu wa majimbo mengine husafiri siku nyingi kwa gari kuiona Wyoming, na wakifika hutaka kurudi nyumbani na kumbukumbu ya Wyoming. Dona akaona kumbukumbu hiyo inaweza kuchongwa Ukambani. Tulicheka sana. Kisha Nzioka akatukumbusha kwamba sisi Wakamba tumekuwa tukiwauzia Wazungu Wamasai wa mti maisha yetu yote, na hakuna Mmasai aliyewahi kuulizwa.

Kila mwaka Dona alitutumia kalenda yenye picha za jimbo lake, na kalenda hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Tuliitundika ukutani, Kioko akawa anasoma maneno ya chini kwa Kiingereza chake cha kamati. Tulijifunza kwamba Wyoming ina pembe nne zilizonyooka, utadhani ilikatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao. Mimi niliwaambia wenzangu kwamba ukiona mpaka ulionyooka hivyo, jua aliyeuchora hakuwa akiishi pale. Tulijifunza kwamba upepo hauishi, theluji inaanguka watu wakiwa bado hawajazoea kiangazi, na watu wenyewe ni wachache kuliko jimbo lolote lingine la nchi ile. Nzioka aliuliza kama ni wachache hivyo, nani ananunua dubu wetu.

Hao dubu, kusema kweli, walitutesa. Hakuna mtu Masii aliyewahi kukutana na dubu. Wa kwanza alikuwa na uso wa mbwa na makalio ya nyani, na Dona aliandika kwa adabu kwamba anavutia. Halafu akataka yale maji yanayoruka kutoka ardhini yakichemka, ambayo watu wa kule huyasubiri kwa saa mkononi na kuyapigia makofi. Tulichonga, tukasugua, tukapaka rangi nyeupe, na ikatokea koliflawa kubwa kabisa. Dona hakuagiza tena maji.

Lakini lililotushinda wote ni sungura. Ilikuja picha ya sungura mwenye pembe za paa, na maagizo tuchonge wengi. Karakana iligawanyika. Wengine walisema hiyo ni picha ya kuchezewa kwa kompyuta. Kioko, ambaye hakubali kukosa jibu, alieleza kwamba sungura wa nchi za baridi huota pembe ili kuchimba theluji. Nzioka alisema, "Kama huko maji inachemka bila moto, sungura kuwa na pembe ni nini?" Tulichonga sungura wale kwa heshima kubwa, misimu miwili, mpaka Dona alipotueleza kwamba ni mzaha wa kwao: zamani mwindaji mmoja alibandika pembe juu ya sungura aliyekaushwa, hoteli ikamtundika ukutani, na mji mzima ukajipatia jina kwa mnyama asiyekuwapo. Sisi tulikuwa tumeuchonga uongo wa watu kwa uaminifu kuliko wenyewe. Kioko alisema alijua tangu mwanzo.

Mwaka mmoja kalenda ilikuja na picha ya sanamu ya mwanamke, na chini yake maelezo kwamba Wyoming ndiyo ya kwanza katika nchi ile kuwapa wanawake kura, kabla hata haijawa jimbo kamili. Nilifurahi kupita kiasi. Dona alipokuja tena nilimuuliza wanaume wa kule walipatwa na nini. Alicheka, akasema wengine walikuwa watu wa haki, lakini pia wanaume walikuwa wengi na wanawake wachache mno, na walitaka nchi yao isikike ili wanawake waje. Kwa hiyo sehemu ilikuwa haki na sehemu ilikuwa tangazo la kutafuta wake. Nilimpelekea Kioko habari hiyo. Katika karakana yetu waliopiga kura walikuwa wanachama, na wanachama walikuwa wachongaji, na wachongaji walikuwa wanaume. "Mama Mwende," akaniambia, "hapa hatuna shida ya kutafuta bibi. Endelea kusugua."

Sasa nifike kwenye nyati, maana hapo ndipo mambo yalipowaka.

Miti ilikuwa imeadimika, watalii wamepungua, na karakana nyingine mbili upande wetu zilikuwa zimefunga milango. Tulikuwa tunakaa siku nzima tukisugua vinyago vilivyokwisha kusuguliwa, ili mikono isisahau. Ndipo Dona akaleta agizo kubwa kuliko yote: nyati wa Wyoming, yule aliyeko kwenye bendera yao, mamia kwa mamia. Agizo hilo likienda sawa, tungekuwa na kazi ya kudumu. Likiharibika, Dona alisema wazi, angelipeleka kwa kiwanda cha mashine katika nchi nyingine, na sisi tungerudi kuuza sukuma wiki.

Nyati huyo si mbogo wetu. Ana kichwa kikubwa, ndevu, na mabega yaliyoinuka kana kwamba ameazima koti la baba yake. Nzioka ndiye aliyechonga wa mfano, wenzake wakafuata wake. Akachonga alivyojua: mnyama mwenye pembe na nundu, kwa Mkamba, ni ng'ombe. Nundu ikawa ndogo na laini kama ya fahali wa Masinga, na chini ya shingo ikaning'inia ngozi kama ya ng'ombe wa kwetu. Hilo Dona alilirekebisha kwa picha, nasi tukalikubali. Lakini Nzioka alikuwa ameweka kitu kingine, na wenzake wote walikuwa wamekiweka bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo walivyojifunza kwake kuchonga ng'ombe siku zote. Kwenye sikio la kushoto la kila nyati kulikuwa na mkato, alama ya ukoo wa Nzioka, ile ile wanayowakata ng'ombe wao tangu babu wa babu.

Kundi la kwanza lilipofika, Dona alituma ujumbe. Masikio yameumia, akaandika. Nyati ni mnyama wa porini, yuko huru, hana mwenyewe. Tafadhali yaondoeni makovu hayo kwa wote waliobaki, naja mwenyewe kuwaona kabla hawajapakiwa.

Kioko aliitisha mkutano wa wanaume. Kuliondoa kovu maana yake ni kulipunguza sikio zima kwa msasa mpaka mkato uishe, kazi ya wanawake, na sikio la jakaranda ni jembamba, linavunjika ukipumua vibaya. Nzioka alisimama. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alisema baba yake alikuwa kijana serikali ya mkoloni ilipokuja kuchukua ng'ombe wa Ukambani, ikidai ni wengi mno wanamaliza udongo, na wazee wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kuwadai. "Walijua ng'ombe zao kwa masikio," akasema. "Mimi siwezi chonga ng'ombe haina alama. Kitu haina mwenyewe, mwizi yake ako njiani."

"Mzee, hii si ng'ombe," Kioko akamwambia. "Hii ni order."

Wakapiga kura. Mikono yote iliinuka isipokuwa wa Nzioka. Kioko akaongeza kwamba mchongaji atakayerudia alama hiyo atafute karakana nyingine. Mzee aliketi juu ya gogo lake, akawa anaitazama tezo kana kwamba imemsemesha.

Mimi nilikuwa nimeisoma kalenda ya mwaka ule kwa makini, mwezi hadi mwezi. Ilisema nyati walifunika tambarare za nchi ile hata treni ilisimama kuwapisha. Kisha wakapigwa risasi na watu waliotaka ngozi, wengine walitaka ulimi tu, na miili ikaachwa ioze, mpaka wakabaki wachache sana ndani ya ile mbuga ya maji ya moto. Watu walioishi kwa nyati hao wakabaki na njaa, na makabila mawili ambayo hayakuwa yakipatana yakawekwa pamoja kwenye kipande kimoja cha ardhi, mpaka leo. Haya yote yameandikwa kwa herufi ndogo, chini ya picha nzuri ya machweo. Niliwasimulia wanawake wenzangu tukiwa tumeshika wale nyati mapajani. Huyo asiye na mwenyewe, nikasema, ndivyo alivyoisha.

Asubuhi Kioko alipoleta msasa mpya, hakuna aliyeuchukua. Hatukupiga kelele. Tulikaa tu, tumekunja mikono, kana kwamba tunasubiri chai.

"Ni nini sasa?" akauliza.

"Tunataka kura," nikamwambia. "Sikio ni sisi tunasugua."

"Mama Mwende, hii maneno ya ukoo si yenu."

"Na hii msasa si yako."

Alitishia kuleta wanawake wengine kutoka sokoni. Tukamwambia awalete, na alete gundi pia, ya kurudisha masikio watakayovunja. Dona alikuwa njiani. Kioko alizunguka uwanja, akapiga simu mbili tatu, akarudi na tabasamu. Niliisoma ile tabasamu. Alikuwa amefikiri kama wale wanaume wa Wyoming: awape wanawake kura, asifiwe, na wao wampe anachotaka. Nani angefikiri wanawake wenye watoto shuleni wangeihatarisha kazi kwa ajili ya sikio? Akatangaza kwamba karakana yetu ni ya kisasa, kuanzia leo wasuguaji ni wanachama, kura ipigwe upya.

Tulikuwa wengi kuliko wao. Masikio yakabaki.

Msidhani wote waliinua mikono kwa sababu ya historia. Mwenzangu mmoja alisema waziwazi, "Mimi sijui nyati. Mimi najua Kioko." Lakini Nzioka alipita mbele yetu mmoja mmoja akatupa mkono, na mimi nililia mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Dona alifika. Wanaume wote ghafla wakawa na kazi nyuma ya karakana, kwa hiyo mimi ndiye niliyemweleza, kwa Kiingereza cha kidato cha pili. Nilimwambia mnyama asiye na alama ni wa yeyote anayepita. Nilimwambia ya babake Nzioka na ya nyati wake mwenyewe, kama kalenda yake ilivyosema. Alimshika nyati mmoja, akapitisha kidole sikioni. Akatokwa na machozi. Akamwomba Nzioka msamaha, akampiga picha, akawachukua nyati wote na masikio yao. Jioni ile Kioko alisema alijua tangu mwanzo.

Laiti ingeishia hapo, ningewaandikia hadithi ya kuwatia moyo. Wiki chache baadaye Dona aliandika kwamba nyati wameisha dukani. Alikuwa amewatengenezea kikadi cha kuning'iniza shingoni, chenye picha ya Nzioka na maneno kuhusu alama ya kale ya kulinda wanyama huru. Wageni waliyapenda mno masikio. Sasa alitaka alama hiyo kwa kila kitu: dubu, farasi, sungura wa uongo, hata ukingo wa kofia ya mchunga ng'ombe, maana kofia haina sikio. Agizo lilikuwa mara mbili ya lile la kwanza.

Nzioka alisikia, akaweka tezo chini. "Hiyo ni ya ng'ombe zetu," akasema. "Mnakata kofia alama? Kofia ni ya ukoo gani?" Kioko akamwambia hakuna anayemlazimisha, vijana wataikata, hata wameshaizoea. Mzee akanijia mimi. Alichuchumaa karibu na kigoda changu, kitu ambacho mzee wa rika lake hafanyi mbele ya mwanamke.

"Mwaitu, nyinyi mlipiga kura kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi pigeni ingine."

Niliitisha. Nilisema yote niliyoyasema mara ya kwanza, na nikaongeza kwamba alama inayouzwa kwa kila mtu si alama tena. Nilidhani wenzangu watanifuata kama siku ile. Walitazama chini. Kisha yule yule aliyesema anamjua Kioko akanijibu kwa upole, "Mama Mwende, heshima tumepata. Sasa acha watoto wakule." Mkono wangu uliinuka, na mikono mingine miwili. Wanaume walikuwa na adabu ya kutocheka. Nilikasirika, tena niliwakasirikia zaidi wanawake wenzangu, kwa sababu kwa Kioko sikuwa nimetarajia kitu. Lakini kura niliidai mimi mwenyewe, na ilikuwa kura halali kuliko zote zilizowahi kupigwa pale.

Nzioka alifunga tezo yake ndani ya gunia, akatuaga wote kwa majina, akaenda nyumbani. Sisi tulibaki na kazi, na kazi haijakatika mpaka leo mnaposoma haya. Mimi nikafanywa mkaguzi. Kazi yangu, vijana, kama mnavyojua, ilikuwa kuhakikisha mkato uko sikio la kushoto, umenyooka, na haujapasua mti. Nimeukagua kwenye dubu wengi kuliko walio hai kule kwao.

Siku ya soko iliyofuata sherehe yangu ya kustaafu nilimkuta Nzioka hapa Masii, amesimama na fahali wake mmoja, wa mwisho. Miguu yake haiwezi tena kufuata mnyama malishoni, akaamua kumuuza. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wagonjwa na za mvua. Akaja Abdi, mnunuzi wa ng'ombe ambaye kila mtu sokoni anamjua, kijana mcheshi, mjuzi wa mifugo. Alimpapasa fahali mgongoni, akamfungua mdomo, akatazama meno. Kisha akalivuta sikio la kushoto, akatabasamu.

"Mzee, hii alama naijua," akasema. "Ni ile ya vinyago vya Marekani, mke wangu ako nayo kwa dubu. Sasa mpaka ng'ombe mmeanza kuwaigia Wamarekani?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Nzioka akanigusa mkono, ninyamaze. Alimtazama fahali wake, akamtazama Abdi, uso wake mkavu kabisa.

"Ndiyo, kijana," akasema. "Hii nilitoa huko Wyoming. Huko ni rahisi. Ukipata kitu unataka, unasema haina mwenyewe, unaenda nayo."